Kipa anayetaka kuwa kocha mkuu asizeekee kwenye glovu

Tazama timu yoyote ya ligi makipa wanapopasha misuli kabla ya mechi. Kipa mstaafu yupo pale, anapiga mipira, anarekebisha miguu ya kijana, anakusanya mipira kwenye begi, kisha anarudi kukaa kiti cha nne kutoka kwa kocha mkuu. Rudi baada ya miaka minane, utamkuta kwenye kiti hichohicho. Si kwamba mpira haujui. Kazi ya kunoa makipa ni tamu, haina lawama nyingi, na kila klabu inamwita kwa kazi hiyohiyo. Akiitika mara tatu, watu wameshamzoea hivyo, na hakuna anayemfikiria kwa nafasi nyingine.

Waliotoka hapo hawakuchelewa. Dino Zoff alitundika glovu mwaka 1983 akiwa na miaka 41. Alinoa makipa wa Juventus kwa muda, akapewa timu ya Olimpiki ya Italia, na mwaka 1988 akarudi Juventus akiwa kocha mkuu. Msimu wa 1989/90 alibeba Kombe la UEFA na Kombe la Italia. Nuno Espírito Santo alistaafu mwaka 2010, akafanya kazi chini ya Jesualdo Ferreira pale Málaga na Panathinaikos, na mwaka 2012 akaichukua Rio Ave, klabu ndogo ya Ureno, akaifikisha fainali mbili za makombe mwaka 2014. Wolves aliyoipandisha Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2018 kwa pointi 99 ilikuja baadaye. Michel Preud'homme alipishana kati ya benchi na ofisi pale Standard Liège, na mwaka 2008 akaipa klabu hiyo ubingwa wa Ubelgiji ulioadimika kwa miaka 25.

Mwenye funzo kubwa kuliko wote ni Julen Lopetegui. Mwaka 2003 aliruka mapema kuwa kocha mkuu wa Rayo Vallecano, akatimuliwa mapema. Alirudi kupitia mlango wa vijana: timu ya pili ya Real Madrid mwaka 2008, kisha timu za taifa za vijana za Hispania, akatwaa ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 19 mwaka 2012 na wa chini ya miaka 21 mwaka 2013. Alipobeba Europa League na Sevilla mwaka 2020, alikuwa na miaka mingi ya kukosea na watoto mahali ambapo hakuna kamera.

Kwetu nako makipa wakubwa wamegeukia kufundisha makipa. Juma Kaseja, ambaye Watanzania wanamkumbuka kwa penalti za Cairo mwaka 2003 Simba ilipoitoa Zamalek iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, amepita humo. Robert Kidiaba wa TP Mazembe, aliyedaka fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, naye pia. Kuanzia hapo si kosa. Kosa ni kukaa bila tarehe ya kuondoka.

Unaondoka langoni na nini

Kipa amecheza maisha yake yote mpira ukiwa mbele yake. Anaona mstari wa mabeki ukipinda, anamwona winga wa upande wa pili akinyata nyuma ya beki, anajua kabla ya wengine mpira uliopanguliwa utaangukia wapi. Kupanga watu wanne kwa maneno mawili ni kazi aliyoifanya kila wikiendi. Makocha wengi waliokuwa washambuliaji huhangaika miaka kulijua hilo.

Pengo lake lipo katikati ya uwanja. Kiungo hupokea mpira huku wapinzani wakimjia mbele, nyuma na ubavuni, na kabla mpira haujamfikia anatakiwa awe amegeuza shingo angalau mara mbili. Kipa hajawahi kuishi hivyo. Ndiyo maana akimfundisha kiungo humwambia "cheza haraka". Hilo kiungo analijua tayari. Asichokijua ni aangalie wapi mpira ukiwa bado unasafiri, apokee kwa mguu upi, na mwili aufungue upande gani ili asipokee akiwa ameipa mgongo timu nzima ya wapinzani.

Kuna dalili moja ya timu ya kocha aliyekuwa kipa: inakaba vizuri ndani ya boksi, halafu haijui kutoka. Woga wa nafasi iliyo nyuma ya mabeki umo mwilini mwake, na hata akiwa kwenye mstari wa pembeni atapiga kelele "rudini, rudini" bila kujisikia. Hapa usikisie, pima. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, piga filimbi, kila mtu asimame alipo, kisha hesabu hatua ndefu kutoka kwa beki wa mwisho hadi kwa straika. Ukizidi hatua 35 timu imekatika vipande viwili, na viungo watakimbia mpaka dakika ya 60 wakate moto. Rudia zoezi hilo mara tatu ndani ya mazoezi yaleyale, wiki nzima. Kocha atashangaa ni mara ngapi mabeki wake wamekaa kwenye mstari wa boksi bila mshambuliaji yeyote wa kuwakalisha huko.

Mwaka wa kwanza: noa makipa, lakini kwa daftari

Tuseme una makipa watatu au wanne na mechi ni Jumamosi. Jumanne ndiyo siku ya kazi nzito ya miguu na kuruka. Jumatano ni krosi na ana kwa ana. Alhamisi makipa wawe na timu muda mwingi. Ijumaa ni dakika 30, mikono ipate mpira, basi. Jumanne na Jumatano dakika 45 hadi 60 zinatosha kabla hujawarudisha kwa kocha mkuu. Ukiwarudisha wamechoka, watafungwa mabao ya kizembe kwenye mchezo wa mazoezi, na kocha mkuu atahukumu uchovu ulioutengeneza wewe.

Seti moja iwe matendo matano au sita ndani ya sekunde 10 hadi 15, kisha apumzike karibu dakika nzima wakati mwenzake anafanya. Video za mitandaoni zinazoonyesha kipa akiruka mara 20 mfululizo, anaamka, analala, anaamka, ni maonyesho. Kwenye mechi hakuna tukio la hivyo. Kinachojengwa pale ni kipa anayeruka vibaya akiwa hoi, na mwili hukumbuka kile unachokirudia.

Kosa la pili la makocha wa makipa ni kupiga mashuti wakiwa karibu mno. Hesabu yake ni rahisi. Shuti la kilomita 80 kwa saa kutoka mita 6 linafika ndani ya sekunde 0.27. Binadamu anahitaji takriban sekunde 0.2 kuona na kuanza tu kujongea. Kilichobaki hakitoshi kupiga hatua, kwa hiyo kipa anajifunza kubahatisha upande. Shuti la kilomita 90 kwa saa kutoka mita 16 linampa sekunde 0.64, na hapo ndipo hatua ya mguu, mikono na uamuzi vinafundishika. Mashuti ya karibu yawe machache, kwa ajili ya kujitanua na kuziba tu.

Mikono ndiyo sehemu ya kuitazama kwa jicho la karibu. Mpira wa kifuani kwenda juu, vidole viko juu, gumba mbili zinakaribiana, viganja viko nyuma ya mpira. Mpira wa chini ya kifua, vidole vinatazama chini na vidole vya mwisho ndivyo vinavyokaribiana. Kipa anayetema mipira mara nyingi hana tatizo la glovu wala la umakini. Tazama viwiko vyake. Vikiwa vimebana mbavuni, mikono haina nafasi ya kurudi nyuma pamoja na mpira, na mpira unagonga kama umegonga ukuta. Viwiko vikikaa mbele ya mwili kidogo, mikono inarudi sentimita chache na mpira unatulia. Mwache adake mipira 10 ya taratibu akiwa amepiga goti, uone viwiko, halafu ndiyo uongeze kasi.

Kuruka nako kuna ugonjwa wake: hatua ya kwanza kwenda nyuma. Kipa anaruka akielekea kwenye nyavu badala ya kuukabili mpira, na shuti ambalo angelitoa nje linampita chini ya mkono. Weka koni mbili mita moja na nusu mbele ya mstari wa goli, moja kila upande, na mkono wake uguse mpira mbele ya koni. Aangukie ubavu, mguu na paja vikitangulia, kamwe si kiwiko wala tumbo. Kwenye viwanja vyetu vya udongo mgumu, kazi ya kuanguka ipeleke ufukweni au kwenye shimo la mchanga la kuruka chini, la sivyo Ijumaa utakuwa na makipa wenye nyonga zilizochubuka ambao hawataki kulala.

Sasa daftari. Kila mechi andika kipa aligusa mpira mara ngapi, kwa mkono na kwa mguu, na mpira ulifika kwa nani. Utakuta miguu inashinda. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi aliyorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Tangu 2019 mabeki wanaruhusiwa kupokea goli kiki ndani ya boksi, na tangu msimu wa 2025/26 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, huku refa akihesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho. Kipa wako akipoteza kona mbili kwa sababu hiyo, lawama ni yako.

Daftari hilo lina faida nyingine. Ukikaa na kocha mkuu Jumatatu ukiwa na namba, mazungumzo yanatoka kwenye makipa yanaingia kwenye timu: kwa nini kila mpira mrefu wa kipa unaangukia kwa beki wao namba nne, kwa nini beki wetu wa kushoto haombi pasi. Hapo umeshaanza kufundisha timu bila kutangaza.

Daraja la kuvukia ni mipira ya kutenga

Baada ya miezi sita omba jukumu moja zaidi: kona na mipira ya adhabu ya kuzuia. Ni eneo lako, hakuna atakayekubishia. Mpango wa kawaida wa kona unaweza kuwa hivi: watu watano wamesimama kwa kanda, yaani kila mmoja analinda sehemu yake badala ya kumfuata mtu, kwenye eneo la goli la mita 5.5: mmoja kwenye nguzo ya karibu, watatu mbele ya kipa, mmoja kuelekea nguzo ya mbali. Watatu wanawabana wapigaji vichwa wao bora, na kazi yao ni kuwachelewesha tu, si lazima waguse mpira. Mmoja anatazama kona fupi, mmoja yuko ukingoni mwa boksi kwa mpira wa pili.

Kinachoharibika ni kwamba watu wa kanda husimama wameganda. Mshambuliaji anakuja kwa mwendo wa hatua tano, mtu wa kanda anaruka kutoka aliposimama. Atashindwa hata akiwa mrefu zaidi. Wafundishe waanze hatua moja nyuma ya sehemu yao ili waingie nayo kwa mwendo. Pili, sauti. Kipa aseme neno moja la kudaka na neno moja la kuwaachia, kwa mfano "Yangu!" na "Toa!", na maneno hayo yasibadilike kuanzia timu ya vijana hadi ya wakubwa. Kipa akisema "Yangu!" halafu akasita, bao hilo ni lake hata kama mpira ulimgonga beki. Kona 12 kwa dakika 15 zinatosha, sita kila upande, nusu zikijikunja kuingia na nusu kutoka. Zikizidi hapo watu wanaanza kuruka kwa adabu tu.

Jukumu linalofuata ni kuanzisha mashambulizi kutoka kwenye goli kiki. Wapinzani wakija kukaba na watu wawili, mabeki wa kati wapokee ndani ya boksi na namba sita, kiungo mkabaji, ashuke. Wakija na watatu, mtu huru ni beki wa pembeni, na pasi ya kipa iwe ya juu kidogo yenye kumfikia kifuani au mguuni bila kudunda. Wakija na wanne au zaidi, usijifanye Barcelona. Piga mrefu, lakini kila mtu ajue mapema mpira utaangukia upande gani. Ligi za chini zimejaa timu zinazofungwa zikipasiana golini kwa sababu kocha aliona kwenye televisheni.

Timu ya vijana, peke yako

Hapa ndipo wengi wanapokwepa. Omba timu ya chini ya miaka 15 au 17, msimu mzima, wewe ndiye unayepanga kikosi na wewe ndiye unayetukanwa na wazazi. Ukiwa msaidizi wa mtu hutajifunza kumweka benchi mtoto anayelia.

Zoezi la kuanza nalo ni wanne dhidi ya wanne na watatu wa kusaidia wanaocheza na yeyote mwenye mpira, kwenye eneo la mita 25 kwa 20. Vipindi vya dakika nne, mapumziko dakika moja na nusu, mara nne au tano. Eneo likiwa dogo mno, watoto wanagongana na hakuna pasi tatu zinazokamilika. Likiwa kubwa mno, hakuna anayebanwa na hakuna anayejifunza kuangalia nyuma yake. Rekebisha koni, usirekebishe watoto.

Kipa wa zamani ana tabia moja itakayomtesa hapa: kuongea muda wote. Langoni amri ni msaada, kwa sababu yeye anaona na beki haoni. Kwenye mazoezi, ukimwambia kiungo "geuka!" kila mara, atageuka ukisema, na Jumamosi uwanjani kelele zikizidi sauti yako atasimama kama nguzo. Nyamaza dakika nne zote. Sahihisha kwenye mapumziko, jambo moja, kwa swali: ulipopokea, nani alikuwa nyuma yako? Akishindwa kujibu, umeshapata somo la kipindi kinachofuata.

Kwa upande wa umaliziaji, kipa ana hazina ambayo hatumii. Anajua shuti gani humkera: la chini linalopita karibu na mguu aliousimamia, lile linalopigwa kabla hajatulia, krosi ya chini inayopita kati yake na mabeki. Wafundishe washambuliaji hayo. Ila umbo la kukimbia, lini aingie nguzo ya karibu na lini asubiri, hilo muulize straika mstaafu. Mwalike Jumatano moja kwa mwezi; nauli na chakula vinatosha.

Leseni, na kiti cha kaimu

Ngazi za CAF ni D, C, B, A na Pro, na shirikisho la nchi ndilo linaloendesha kozi. Anza D ukiwa bado unadaka, kwa sababu kozi hazifunguliwi kila unapotaka, na kati ya ngazi moja na nyingine unatakiwa uwe umefundisha. Ukianza siku unayostaafu, umeshapoteza miaka. Kozi za ukocha wa makipa ni nzuri na uzisome, lakini cheti chake hakikupandishi kwenye ngazi hii. Hata UEFA wana leseni za makipa zinazokwenda kwa mkondo wake.

Halafu itakuja siku kocha mkuu ametimuliwa Jumapili jioni na kiongozi anakupigia simu: "Shika timu kwanza." Kaimu. Wengi huikubali kwa furaha bila karatasi. Mechi nne baadaye, timu imepoteza tatu, kocha mpya amekuja na kocha wake wa makipa, na wewe umekosa vyote viwili. Kabla ya kusema ndiyo, pata barua yenye mambo matatu: ni mechi ngapi au hadi tarehe gani, malipo ni yapi katika kipindi hicho, na kwamba ukimaliza unarudi kwenye nafasi yako ya awali. Kiongozi asiyetaka kuandika hayo anakutafutia mtu wa kumlaumu.

Ukishika timu kwa wiki mbili, usibadilishe mfumo. Badilisha mambo mawili yanayoonekana: umbali kati ya mistari na kona za kuzuia. Hayo unayajua na yanafundishika ndani ya siku nne.

Ofisini

Wapo makipa ambao benchi haliwafai lakini ofisi inawafaa sana. Edwin van der Sar alistaafu mwaka 2011, akasomea uongozi wa michezo ngazi ya uzamili, akaingia Ajax mwaka 2012 upande wa masoko, na mwaka 2016 akawa mtendaji mkuu. Oliver Kahn naye alisomea uongozi wa biashara kabla ya kuingia kwenye bodi ya Bayern Munich mwaka 2020 na kuwa mtendaji mkuu mwaka 2021. Aliondolewa Mei 2023, siku ileile Bayern ilipotwaa ubingwa.

Kwa klabu zetu mlango wa kawaida ni umeneja wa timu. Kazi inaonekana ya kubeba chupa za maji mpaka siku inapoharibika. Meneja anatunza leseni za wachezaji na orodha ya kadi. Orodha hiyo aiandike mwenyewe baada ya kila mechi, jina, dakika, rangi ya kadi, asisubiri barua ya bodi ya ligi, kwa sababu kumchezesha mtu aliyefungiwa kunaweza kukupokonya mechi mliyoshinda. Kwenye kikao cha kabla ya mechi aende na jezi zote mkononi. Rangi ya kipa lazima itofautiane na wachezaji wote na waamuzi, kwa hiyo seti mbili hazitoshi, beba tatu. Na ujumuishe jezi moja ya kipa isiyo na namba. Mchezaji wa ndani akilazimika kuingia golini, hutahangaika na plasta.

Ukipanda juu ya hapo, kazi inakuwa karatasi, na kanuni za FIFA za uhamisho ndizo za kulala nazo. Mkataba wa mchezaji mkubwa hauzidi miaka 5. Wa aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Mkataba ukibakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini mkataba na klabu nyingine, na hiyo si usaliti, ni wewe uliyelala. Asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kukuandikia akikupa siku 15, na zikipita akavunja mkataba kwa haki. Klabu nyingi hapa kwetu hazifi kwa kufungwa uwanjani. Zinamfukuza kocha au mchezaji wa kigeni kwa tangazo la mtandaoni, hazimlipi, anakwenda FIFA, na adhabu ya kutosajili inaweza kuwafuata hadi madirisha matatu mfululizo. Kinga ni kifungu kimoja ndani ya mkataba kinachosema wazi fidia ya kuvunja, kwa mfano mishahara ya miezi miwili au mitatu, na fedha hizo ziwe zimetengwa kabla barua ya kufukuza haijachapwa.

Kwenye bajeti, mishahara ipime kwa fedha zilizosainiwa tu: mdhamini, haki za matangazo, ruzuku. Viingilio usivihesabu. Mvua ikinyesha siku ya mechi kubwa, hakuna mchezaji atakayekubali kwamba mshahara wake ulikuwa kwenye geti. (Na glovu ziwe na mstari wake: kila kipa jozi ya mechi na jozi ya mazoezi, zibadilishwe kabla hazijawa ngozi tupu. Kiongozi aliyekuwa kipa halafu makipa wake wanachangishana glovu, huyo amesahau mapema mno.)

Kuna mipaka miwili ambayo kipa aliye ofisini huivuka bila kujua. Wa kwanza ni kushuka uwanjani kumsahihisha kipa mbele ya kocha wake. Ukifanya mara moja, kijana atakuwa anatazama jukwaani kabla ya kutoka golini. Ukiona kosa, mwite kocha ofisini. Wa pili ni kuwa na mkono kwenye mauzo ya wachezaji. Kanuni za mawakala za FIFA haziruhusu mwajiriwa wa klabu kuwa wakala, na "kumsaidia tu kijana kupata timu" kwa asilimia fulani ni uwakala.

Fedha iliyo halali, ambayo klabu nyingi zinaiacha mezani, ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Ulimlea kuanzia miaka 13 hadi 17? Hiyo ni misimu mitatu ya 0.25 na miwili ya 0.5, jumla asilimia 1.75. Akiuzwa dola 200,000, chako ni dola 3,500. Akiuzwa tena huko mbele, unadai tena.

Ila FIFA hailipi kumbukumbu za mtaa mzima kwamba kijana alikulia kwenu. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo haya yanapitia kituo maalumu cha FIFA kinachosoma pasi ya kielektroniki ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu zote alizosajiliwa, na pasi hiyo inajengwa na usajili uliomo kwenye mfumo wa shirikisho. Mtoto aliyecheza kwenu miaka minne bila kusajiliwa, kwa mfumo hakuwahi kuwepo kwenu. Kwa hiyo msimu ukifunguliwa, kabla ya kuulizia straika wa timu kubwa, kaa na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto wa chini ya miaka 13, hakikisha jina limeandikwa herufi kwa herufi kama litakavyokuwa kwenye pasipoti yake, msajili kwenye mfumo, na nakala moja ibaki kwenye faili la klabu, si kwenye simu ya meneja.